Blauzi Iliyokataa Kukaa

Mama yako alipimwa matiti lini mara ya mwisho?

Usiangalie pembeni, nakuuliza wewe. Unajua timu yako ilifungwa mabao mangapi msimu uliopita na nani alikosa penalti. Unajua simu yako imebakiza chaji kiasi gani. Lakini kifua kilichokunyonyesha hujui hali yake, na ukiulizwa unaona haya kama mtu aliyeambiwa avue suruali sokoni. Sikulaumu sana. Mimi mwenyewe nilikuwa hivyohivyo, tena nikiwa na shahada iliyotiwa fremu ukutani. Aliyeniamsha ni blauzi moja ya zambarau iliyokataa kukaa mwilini mwa shangazi yangu.

Shangazi yangu ni fundi cherehani. Mtaa mzima unamwita Futi, kwa sababu ile futi ya kupimia, utepe wa manjano uliofutika namba kuanzia moja mpaka kumi na mbili, haishuki shingoni mwake. Anapika nayo. Anaenda nayo msibani. Mume wake huapa kwamba hata siku ile ya kwanza alipokwenda kumposa aliikuta palepale shingoni, "inanitazama kama natosha." Mume wake ni dereva mstaafu, tunamwita Mzee Breki, kwa kuwa miaka thelathini na moja barabarani hakugonga hata kuku.

Kibaraza cha Shangazi kina watu watatu. Yeye yuko katikati na cherehani yake ya kukanyaga. Kushoto kwake, nyuma ya kijimeza chenye visanduku hamsini na kitu, anakaa mama yangu mzazi, muuza vifungo, zipu na nyuzi. Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa kaka yake Shangazi, kwa hiyo hawa wawili ni mawifi, na mawifi wakikaa kibaraza kimoja kuanzia asubuhi mpaka jioni, redio ya nini? Kulia, karibu na ukuta wenye soketi ya umeme, nasimama mimi na pasi. Ndiyo, mpiga pasi mwenye shahada ya maendeleo ya jamii. Nilikuwa naisubiri kazi, nayo kazi ilikuwa inasubiri nichoke kuisubiri. Shangazi akaniambia, "Msomi, wakati unangoja kuikomboa dunia, hebu ninyooshee kola hii."

Mikono ya Shangazi ina sifa. Akikuzungushia futi mara moja, amekusoma. Amewahi kumwambia mteja, "Nitakuachia nafasi tumboni," na yule mwanamke akashangaa nafasi ya nini, wiki tatu baadaye akarudi na keki. Mwaka juzi alikuwa anampima muuza mkate, mama mmoja mnene mwenye kicheko kinachosikika mtaa wa pili. Alipofika kwapani, mkono ukasimama. Hakusema neno la kutisha. Alikunja kitambaa, akakiweka kwenye kabati na kufunga kwa ufunguo.

"Hiki sikishoni," akasema, "mpaka uende hospitali waguse hapa nilipogusa mimi, kisha uniletee cheti."

Muuza mkate alikwenda huku akitukana njia nzima. Kumbe kilikuwa kivimbe cha kawaida tu, si saratani, wakakitoa na mambo yakaisha. Akarudi na cheti akakibandika mwenyewe kwenye ukuta wa kibaraza, pale kilipo hadi leo, kati ya kalenda na picha ya mitindo ya mikono.

Sasa, fundi mwenye mikono ya namna hiyo, ungedhani mwili wake mwenyewe anaujua kama kiganja chake. Wapi! Wahenga walisema kinyozi hajinyoi, na mafundi wakaongeza la kwao: fundi hajipimi. Wana sababu zao. Ukinyanyua mkono kujizungushia futi, futi inadanganya. Na ukimwita fundi mwingine akupime, umeutangazia mji kwamba yupo fundi kuliko wewe. Basi Shangazi alikuwa na boksi. Miaka ishirini na mbili iliyopita alichukua boksi la sabuni, akachora umbo lake, akalikata, na tangu siku hiyo likaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango. Tulimwita Bi Boksi. Alikuwa nusu mtu, upande mmoja tu wa kifua, maana kitambaa hukunjwa mara mbili, boksi likawekwa juu, na mkasi ukishapita, pande mbili hutoka pacha, kushoto na kulia.

"Huyu ndiye mimi," Shangazi alikuwa akituambia. "Mimi nanenepa, yeye hanenepi. Nazeeka, hazeeki. Namwongezea vidole viwili kiunoni, tunaendelea na maisha."

Kifuani hakumwongezea wala kumpunguzia kitu.

Kitinda mimba wake alikuwa anahitimu chuo cha uhandisi, msichana wa kwanza katika ukoo wetu kuvaa kofia ngumu kazini. Mahafali yalibakiza wiki mbili na nusu. Shangazi akatoa kitambaa cha zambarau alichokificha miaka miwili kwa ajili ya siku hiyo, akamshusha Bi Boksi msumarini, akakata blauzi yenye bitana na ule mkunjo mdogo wa kushonea kifuani unaoipa nguo umbo. Mama yangu akamchagulia vifungo kumi na kimoja vya rangi ya lulu. Jumatatu asubuhi Shangazi akaivaa, akasimama mbele ya kioo.

Kulia ilikaa kama imezaliwa naye. Kushoto ikatuna chini ya kwapa, ikajikunja kama mdomo wa mtoto anayetaka kulia.

"Kitambaa hiki kimefumwa na mlevi," akasema, na akaifumua.

Jumanne akaivaa tena. Kushoto, palepale.

"Wifi, vifungo vyako vizito. Vinavuta."

"Vifungo vyangu?" Mama akaweka mikono kiunoni. "Vifungo viko katikati, wifi yangu. Vikivuta, vivute huku na huku. Au vyenyewe vimekuchukia upande mmoja?"

"Vimejifunza kwa mwenyewe."

Jumatano ilikuwa zamu yangu. Eti nilikuwa nimekiunguza kitambaa, ndiyo maana kimejikunja. Niliapa kwamba sikukiunguza. Akaniambia shahada haifundishi moto. Akaifumua kwa mara ya tatu, akaishona upya, akanitupia niinyooshe ili apunguze upande wa kushoto kwa mkasi.

Sikiliza vizuri hapa, maana hili ni kosa ambalo fundi peke yake anaweza kulifanya. Mtu wa kawaida nguo ikimkataa husema, nimenenepa, nimekonda, uzee umeingia. Fundi husema nguo imekosewa. Siku tatu Shangazi aliutibu mwili wake kwa uzi na sindano, na kesho yake angeikata nguo ifanane na ugonjwa, halafu aende mahafalini amependeza.

Nami sikulijua hilo. Nilichojua ni pasi. Mpiga pasi kabla hajagusa kifua cha blauzi huikunja katikati, kushoto juu ya kulia, ahakikishe mikunjo imelingana. Nikaikunja. Kola ikaangukia kola. Kwapa likaangukia kwapa. Mkunjo wa kifuani ukalala juu ya mwenzake kama viganja viwili vya mtu anayeomba dua.

"Shangazi," nikasema, "blauzi haina kosa."

"Nani kakuuliza?"

"Njoo utazame."

Mama akawahi yeye. Akapitisha ukucha kwenye ukingo mzima akitafuta panapozidi. Hakupaona.

"Wifi," akasema taratibu, "zimelingana."

"Basi ni kioo," Shangazi akajibu. "Kile kioo kimepinda siku nyingi."

Mama alianza kucheka, kisha kicheko kikamwishia njiani. Akamtazama wifi yake kifuani. Mimi nikatazama pasi.

Ningenyamaza pale, ningefanya jambo la maana. Lakini mimi ukinipa ukimya wa sekunde nne naufanya jukwaa. Nikaanza kuhutubia. Nikasema habari ya haki ya afya, nikasema wanawake wanabeba familia mgongoni wao wenyewe hawabebwi na mtu, nikaisema bajeti, nikawasema wanaume, nikasema titi likibadilika umbo, au ngozi ikiingia ndani, au chuchu ikigeuka, si jambo la kungoja. Nilikuwa nimenyanyua pasi juu kama mwenge.

"Msomi," Shangazi akanikata, "mimi nimekuogesha mpaka ukafika miaka mitano. Leo unataka kunisomea kifua? Shusha hiyo pasi, utauunguza ukuta."

Nikaishusha. Mama alifunga visanduku vyake kimoja kimoja, akamshika wifi yake kiwiko na kumwingiza nyuma ya pazia pale wateja wanapojaribia nguo. Sasa pazia ni kitambaa tu, jamani, si ukuta. Sikutega sikio, lilijitega lenyewe.

"Nyanyua mkono."

"Sitaki."

"Nyanyua, wifi. Nilikushika mguu ukijifungua, leo unanionea haya gani?"

Cherehani ilikuwa imesimama, na nje kulikuwa na mtu anapiga honi bila sababu.

"Hapa," Mama akasema.

"Najua," Shangazi akasema.

"Unajua?"

"Tangu mwezi juzi. Nilidhani ni waya wa sidiria unanifinya. Nikabadilisha sidiria. Kikabaki."

"Na hukuniambia mimi! Mimi, ambaye juzi umeniambia mpaka ndoto ya mbuzi!"

"Hakiumi, wifi. Kitu kisichouma, kwa nini nikiite kwa jina? Mwanangu anahitimu. Mahafali kwanza. Baada ya mahafali kuna sare za shule, watoto wa watu hawawezi kwenda shule uchi. Sare zikiisha, nitakwenda."

Hakiumi! Nikisikia neno hilo natokwa na mapovu. Jino likituuma usiku mmoja tunaamka alfajiri kumgongea daktari. Kivimbe kinakaa kimya, hakisumbui mtu, hakiombi chai, basi tunakifanya mpangaji mwema. Na vingi kati ya vivimbe hivi mwanzoni havina maumivu kabisa. Anayengoja mpaka kianze kuuma anangoja kwa faida ya nani? Niliumia zaidi nikijua kwamba aliyesema vile ndiye aliyemfungia muuza mkate kitambaa kabatini.

Siku mbili kibaraza kikawa hakina utani. Hujawahi kuona kitu kibaya kama mawifi wawili wanaoheshimiana. "Tafadhali nipatie uzi mweusi." "Karibu." Wateja waliuliza kama kuna msiba.

Ijumaa akaja muuguzi. Ni mwanamke mfupi, anafanya kazi hospitali iliyo barabarani kwetu, kule juu, ana sauti ya mtu aliyezoea kuwaambia watu wakubwa wageuke walale kifudifudi. Alileta sare yake ipanuliwe kidogo kiunoni. Shangazi akampima, akaandika, akajifanya anatafuta chaki.

"Mwanangu," akasema, "kuna mteja wangu mmoja."

"Ehe."

"Mtu mzima. Nguo inamkataa upande wa kushoto. Titi limepanda kidogo, na pembeni hapa ngozi imeingia ndani, kama imeshikizwa na uzi kwa ndani."

Muuguzi aliacha kujitazama kiooni. "Ana kivimbe?"

"Kidogo tu."

"Kinauma?"

"Hakiumi hata chembe!" Shangazi akajibu kwa furaha, kama mtoto aliyelipatia swali la mwalimu.

"Chuchu inatoa maji, au damu?"

"Hapana, sija... hajaniambia."

"Ana miaka mingapi huyo mteja?"

"Hamsini na miwili."

"Kwao kuna aliyewahi kuugua?"

"Hakuna. Kwao wanakufa kwa ubishi."

Mama yangu akakohoa. Muuguzi akavaa viatu bila haraka, akachukua mkoba.

"Mwambie aje Jumatatu saa mbili asubuhi, chumba namba saba. Mwambie asijihukumu, vivimbe vingi si saratani. Lakini hakuna anayejua kwa kukitazama, wala kwa kukisusia, mpaka kipimwe. Na ikiwa ndiyo yenyewe, tukiikuta ingali ndogo tuna mengi ya kufanya. Ikishatembea mwilini ndipo tunaanza kukimbizana nayo."

"Nitamwambia neno kwa neno."

"Na mwambie," muuguzi akasema akiwa mlangoni, "hiyo futi aivue shingoni kabla hajaingia. Itaharibu picha."

Mama alicheka mpaka akamwaga sanduku la vifungo vya shati. Shangazi alitaka kukasirika, akashindwa. Ndipo tulipojua kibaraza kimepona, ingawa mwenyewe bado.

Siku ya Jumapili mchana nilikuwa kwao wakati anamwambia mume wake. Mzee Breki alikuwa anasoma gazeti la juzi, maana la siku hiyo huliogopa. Shangazi alimweleza yote kwa mkupuo, akiwa amempa mgongo, anaosha sufuria lililokwisha takata.

"Na wakinikata je?" akamaliza.

Mzee Breki akakunja gazeti mara nne.

"Mke wangu, miaka ishirini na saba ninaishi na wewe. Kitu pekee ninachokiogopa kwako ni ulimi. Huo hawautoi."

"Sifanyi mzaha, baba."

"Wala mimi." Akaondoa miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akairudisha ikiwa chafu kuliko mwanzo. "Kesho saa moja na nusu tuondoke."

Jumatatu tulikwenda kwa miguu, sisi wanne. Shangazi alitaka kusimama kwa kila mtu. Alimsalimia mpaka fundi viatu ambaye hawasemezani tangu mwaka jana. Mzee Breki ndiye aliyetuvuta. Yeye ambaye huvuka njia baada ya kutazama kulia mara tatu, siku ile alikatiza mbele ya pikipiki, mkono wa mkewe ameushika kama usukani. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona hana breki.

Chumba namba saba kina benchi refu nje yake. Wanawake wamekaa, kila mmoja anatazama sakafu kama amedondosha sindano. Shangazi alivumilia dakika kumi. Kisha akamgeukia jirani yake: "Samahani dada, nani kakushonea pindo hili? Usimtaje, nisije nikamchukia." Baada ya robo saa benchi zima lilikuwa linacheka na kukaguana mishono, mpaka mlango ukafunguliwa wakaambiwa hapa ni hospitali.

Alipoingia, alikaa humo muda mrefu. Walimgusa, wakamuuliza, wakampiga picha kwa mashine ambayo, kwa maelezo yake, "inakubana titi kama mtu anayepiga pasi kola, halafu inakwambia usipumue, kana kwamba unaweza." Wakamchoma sindano ya ganzi na kuchukua kinyama kidogo cha kupima. Majibu baada ya wiki mbili.

Muuguzi akachungulia nje. Akamwona Mama.

"Na wewe?"

"Mimi nimemsindikiza wifi."

"Una matiti?"

"Sasa swali gani hilo?"

"Basi ingia."

Mama yangu, ambaye maisha yake yote ameuza vifungo, alitoka mle ndani amefunga blauzi yake kifungo cha tatu kwenye tundu la pili. Hakuwa na tatizo lolote, walimwambia, aendelee kujikagua na arudi walivyompangia. Lakini hakuligundua kosa la vifungo mpaka tulipofika nyumbani, na Shangazi hakumwambia kwa makusudi. Nikamuuliza Mama alipimwa lini kabla ya siku ile. Akahesabu kwa vidole, akaishia kwenye kidole ambacho hakikuwepo. Hakuwahi kupimwa. Na mimi mwanawe nilikuwa na mihadhara mitatu kuhusu afya ya jamii.

Mahafali yaliangukia katikati ya kungoja. Shangazi alivaa blauzi ya zambarau kama ilivyokatwa mara ya kwanza. Upande wa kushoto ukatuna chini ya kwapa, mbele ya wahandisi wote, na hakuugusa. Katika picha amemkumbatia binti yake, kofia ngumu imewekwa juu ya kofia ya mahafali, na kwenye kola ya zambarau unaona ncha ya manjano inachungulia.

Majibu yalitoka Jumatano. Tuliingia watatu, Mzee Breki akabaki kwenye benchi, alisema kiti cha ndani ni kidogo. Daktari alikuwa dada wa rika langu, nikaona haya kwa ajili ya pasi yangu. Hakuzunguka. Ni saratani, akasema. Kisha, kabla hatujaanguka, akaendelea: ni ndogo, kama sentimita moja. Kwa vipimo walivyofanya hawajaiona kwapani. Wataitoa Ijumaa, kile kivimbe na nyama kidogo ya pembeni, si titi zima. Halafu itafuata mionzi, na dawa za kunywa kwa miaka kadhaa, watamweleza hatua kwa hatua.

"Umewahi, mama," akasema. "Ungengoja, tungekuwa tunazungumza mambo mengine."

Shangazi alikuwa anatazama ukuta. "Sentimita moja?"

"Moja."

Mama akatia mkono mfukoni. Mwanamke huyu hatembei bila bidhaa. Akatoa kifungo cha shati, kile cheupe cha kawaida, akakiweka juu ya meza ya daktari.

"Kama hiki?"

Daktari akakitazama, akakigeuza kwa kalamu. "Kama hicho."

"Wifi," Mama akasema, "hiki nauza dazeni."

Shangazi, ambaye kwa sentimita moja ameshawafumulia watu magauni mazima, akakichukua kile kifungo akakifumbata. Tulipotoka, yeye na mume wake walitangulia. Penye kona ya ukuta wa hospitali alimpa mkoba wake aushike, akageukia ukutani akalia, bila sauti, kwa muda ambao mtu mwenye macho mabovu hutumia kutunga uzi kwenye sindano. Mzee Breki alisimama ameukumbatia ule mkoba mwekundu kifuani, anawatazama wapita njia kwa ukali ili wasitazame. Kisha Shangazi akajifuta kwa ncha ya futi.

"Twendeni," akasema. "Kuna sketi ya watu pale."

Asubuhi iliyofuata nilifika mapema kufungua kibaraza, nikakuta kimeshafunguliwa. Pazia lilikuwa wazi. Shangazi amesimama katikati, mikono ameitanua kama mteja, na shingo yake iko tupu. Sikuwahi kuiona ile shingo. Ilikuwa na mstari mweupe pale futi ilipokaa miaka yote. Futi yenyewe ilikuwa mikononi mwa Mama, ambaye aliishika kama mtu aliyekabidhiwa nyoka.

"Nyanyua."

"Unanitekenya!"

"Simama vizuri, wewe mteja gani? Kifua..."

"Sema polepole, usiutangazie mtaa."

"Kifua," Mama akapaza sauti, "sitaisema, lakini Bi Boksi alikuwa msichana!"

Muuza mkate alikuwa ndiyo kwanza anafika na kitambaa kwapani. Akasimama kwenye ngazi, mdomo wazi.

"Kaa hapo," Shangazi akamwambia bila kugeuka. "Ngoja zamu yako. Na uniambie umerudi hospitali lini tangu kile cheti, kwa sababu kile kimeshakuwa pambo."

Muuza mkate akakaa. Akaanza kuhesabu kwa vidole.

Mezani kulikuwa na boksi jipya la sabuni limekunjuliwa. Shangazi akachukua chaki, akachora upande wa kulia kwa vile vipimo vipya, akaukata mara moja, mkasi haukusita. Kisha akachora boksi la pili, upande wa kushoto. Hilo hakuwahi kuwa nalo maisha yake yote. Alichora bega, akachora kwapa, akashuka mpaka kifuani, na hapo chaki ikapunguza mwendo, ikaweka vidotidoti badala ya mstari. Akauweka mkasi chini.

"Na hili?" nikauliza.

"Hilo nitalikata nikirudi. Sasa hivi sijui watalipunguza wapi, nami sikati kwa kubahatisha."

Akamshusha Bi Boksi wa zamani msumarini, akamkunja mara mbili akanipa niwekee pasi yangu ya moto. Akayatundika mawili mapya pamoja, moja limekatwa, moja bado ni boksi zima la sabuni lenye chaki. Akaichukua futi mikononi mwa Mama, akairudisha shingoni, akampungia mkono muuza mkate.

"Haya, njoo. Nyanyua mikono."